Telefone Iliyompima Mama Mkwe

Mdogo wangu ni fundi wa nguo, tena fundi mzuri, ila ana ugonjwa mmoja: kitu kikiwa na kioo na chaji, anakiamini kuliko anavyoniamini mimi dada yake. Tunafanya kazi pamoja hapa Kasongo, katika atelie ya mashini tatu kwenye baraza karibu na soko. Mashini ni zangu, meza ya kukatia ni yangu, hata bati lililo juu yetu ni langu. Chake ni mikono, na sasa telefone.

Alikuja nayo asubuhi moja akiishika kama mtu aliyebeba yai.

"Yaya," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita kwa kuwa nilimtangulia kuzaliwa, "kupima na metre kumeisha."

"Kumeishia wapi?"

"Unapiga mutu foto mbili tu. Moja ya mbele, moja ya kando. Unaandika urefu wake, kisigino mpaka utosi. Telefone inakupa vyote: kifua, kiuno, mabega, mukono. Sentimita na nukta."

"Nukta ya nini?"

"Nukta ya ukweli."

Nilimtazama. Mimi nimenunua vitambaa kwa watu wanaonyoosha yadi kwa kidole gumba, nimekata bei na wauza mbuzi wanaompa mbuzi chumvi na maji ili aonekane ameshiba. Najua kwamba uongo ukivaa nukta unatembea vizuri zaidi. Nikamwambia ajaribu kwa dada anayeuza mikate mbele yetu, msichana mwenye nywele fupi, siku hiyo kavaa suruali ya kumbana. Akampiga foto, telefone ikafikiri, ikatoa hesabu. Nami nikampima kwa metre, kisha nikampima tena. Mara zote mbili telefone ilikuwa sawa, jambo lililoniudhi mara mbili.

Sisemi kwamba metre ni malaika. Ya kwetu iliungua kichwani, pasi ya makaa iliipitia, kwa hiyo inaanzia kwenye tatu. Sisi wa atelie tunajua kutoa tatu. Mgeni akiishika, anashonea watu hewa. Na jirani yetu, mzee wa mashini ya baraza la pili, hapimi kabisa. Anasema jicho lake ni metre. Labda ni kweli, lakini jicho hilo lilijifunza kwa mke wake wa kwanza, na hadi leo kila mwanamke wa Kasongo akienda kwake anatoka na mwili wa mke yule. Kwa hiyo siwezi kusema zamani tulikuwa na haki na leo tumepotea. Tulikuwa tunakosea kwa mkono, basi. Ila aliyekosea kwa mkono alikuwa anaona haya. Telefone haioni haya, na mwenye telefone ndiyo kabisa.

Basi huyo mdogo wangu akapata mchumba, binti wa Kabambare aliyekuja Kasongo kusoma. Tukaenda kwa wakwe kuzungumza mahari. Kwa desturi wanaozungumza ni wajomba na baba wadogo; mimi nilikaa nyuma yao nikiwabana mgongoni walipotaka kukubali haraka. Mbuzi tuliwapunguza. Majembe tuliyapunguza. Jambo ambalo hawakupunguza hata uzi ni nguo ya mama, ile ya kitenge, kikwembe kama tunavyosema kwetu.

Msemaji wao alikuwa mjomba wa binti, mwanamume mwembamba mwenye sauti nene. Alisema: "Mukwe wa kwanza wa nyumba hii alileta kikwembe kimekunjwa vizuri sana. Tukapiga vigelegele. Kufungua, ni nusu piesi, ndani iko katoni. Safari hii hatutaki nguo ya kukunjwa. Mulete imeshonwa. Mama ataivaa hapa hapa."

"Itashonwa," wajomba wetu wakajibu.

"Sijamaliza. Ikimukaa, mama atatoka nje, atawapokea, mutachukua mutoto wetu. Isipomukaa, mama anabaki ndani. Na mama akibaki ndani, ninyi mutarudi Kasongo na pikipiki ya motari wenu, mbuzi zitabaki kuwangojea. Mutu asiyejua mwili wa mama, anataka kuoa mutoto ya nani?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshaona mtego. Mdogo wangu ndiye fundi, na mwanamume hamgusi mama mkwe. Hamtazami usoni, haingii chumbani mwake, wakikutana njiani anapinda pembeni kwenye majani. Sasa atapimaje mwanamke ambaye hata kivuli chake anakikwepa? Nami siku hiyo sikuwa na metre mkobani. Na hata ningekuwa nayo, mama alikuwa amefungiwa ndani kwa heshima ya mazungumzo, na siku ya mahari mgeni hamwendei mama ndani bila kuitwa.

Tuliporudi Kasongo nikatoa njia za zamani. Ya kwanza ni kamba, maana kwa wakwe hakuna metre, nami sikuwa na ruhusa ya kurudi kabla ya siku ya nguo: binti ampime mama yake, apige fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la urefu, ampe motari atuletee. Mdogo wangu akanikumbusha kamba tuliyoletewa na kwaya ya kule Wamaza. Ilinyeshewa njiani, ikafika imelowa, ikakauka juu ya meza ikajikunja, halafu hakuna aliyejua fundo lipi ni la nini. Tulimshonea mwimbaji mmoja kola ya kupita kiunoni. Alikuwa na haki ya kunikumbusha. Njia ya pili ni nguo ya mfano: mama atume gauni lake la zamani. Hiyo niliitoa nikairudisha mwenyewe. Mama mwenye heshima hatumi nguo aliyoivaa mwilini kwenye nyumba ya mkwe, wala mkwe mwenye akili haiombi. Wakiumwa kichwa kule, wataanza kuuliza lile gauni lilikwenda kufanya nini Kasongo.

"Basi imebaki telefone," mdogo wangu akasema, bila hata kujaribu kuficha furaha.

Binti alikuwa kwao likizo. Akampiga mama yake foto mbili, akangoja rezo ya mtandao irudi, zikafika. Urefu aliupata kwenye karatasi ya zahanati, walikompima mama bila viatu, vizuri kabisa. Mdogo wangu akaniletea kioo. Mama amesimama mbele ya ukuta wa matofali, mikono wazi kama ilivyoagizwa, mzito, mtulivu, kama mtu anayengoja kuulizwa deni. Nikatazama chini kwenye pindo. Nikaona ncha ya kikwembe, na chini yake ncha nyingine, na chini yake nyingine. Nikahesabu tena.

"Amevaa vikwembe vitatu," nikasema.

"Ni foto ya kuonwa na mukwe, Yaya. Ulitaka avae kimoja?"

"Nataka kushonea mama, si kabati. Mwambie mchumba wako arudie foto, mama apunguze."

Akanitazama kama nimemwambia alale barabarani. "Mimi nimutumie ujumbe kwamba mama yake avue?"

Na kweli, ujumbe huo nani angeutuma? Mimi ningeweza, lakini ungesomwa kule kwamba umetoka kwetu, na kwetu maana yake kwake. Kesho yake wajomba wangeitisha mkutano. Ujumbe haukutumwa. Yeye akasema telefone ina akili, imeona wanawake wa dunia nzima, inajua kutenganisha mtu na nguo. Nikamuuliza kama ilishawahi kuona mwanamke wa Kabambare. Akasema nukta haidanganyi.

Kitambaa kilikuwa piesi nzima, chenye majani ya kijani na ndege wekundu, nilikichagua mwenyewe na muuzaji akaapa mbele yangu kwamba hakuna kingine. Niliamini nusu ya kiapo, na ile nusu ilikuwa kweli: hakikuwepo kingine soko zima. Mkasi ukipita, umepita. Nilisimama pale mezani wakati mdogo wangu anachora kwa sabuni kila hesabu aliyopewa na telefone, hadi nukta. Nilimlazimisha kiunoni aweke mshono mwepesi wa kufumuliwa kwa ajili ya kubana, kwa sababu nilikuwa na hakika gauni litakuwa kubwa. Alicheka akakubali. Kisha akakata.

Kilichobaki, kipande kirefu cha kufunga kiunoni na ziada, akakikunja akakiweka kando. Mafundi wana sheria yao: mabaki ni ya fundi. Ndiyo maana watoto wa mafundi wa Kasongo wanavaa nguo za watu wote.

"Hicho nitashona shati," akasema. "Ya siku ile."

"Utavaa kitambaa kimoja na mukwe wako? Mukae kama mapacha?"

Akaona haya, na kwa kuwa ni nadra nikamwacha aone kwanza. Kisha nikachukua mabaki, hadi vile vipande vya ncha, nikavitia mkobani mwangu pamoja na wembe na sindano. Sikuwa na mpango. Mimi ni mtu wa kutoacha kitu mezani.

Barabara ya Kabambare sitaieleza, wanaoipita wanaijua na wasioipita hawataamini. Tulifika na matope hadi kwenye nyusi, gauni likiwa ndani ya plastiki, ndani ya beseni, ndani ya gunia. Wakatukalisha uani. Mbuzi wakahesabiwa, nami nikawahesabu nyuma yao. Kisha beseni likaingizwa ndani na wanawake, mlango ukafungwa, na mjomba mwembamba akakaa mbele ya mlango huo akikunja mikono.

Tulingoja. Wenzetu wakasifu mvua. Wenzao wakasifu mvua hiyo hiyo. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa kama inavyompasa bwana harusi, lakini niliona kidole chake kikipapasa telefone mfukoni, kama mtu anayesali.

Mlango ukafunguka kidogo. Akatoka binti, mchumba mwenyewe, macho mekundu. Akapita mbele ya kila mtu akaniinamia. "Yaya, mama anakuita. Wewe peke yako."

Mjomba akauliza: "Imemukaa?"

"Anamuita Yaya," binti akajibu.

Ndani, mama amesimama juu ya mkeka. Kifua kilimkaza kidogo. Kiuno kilimkaa vizuri hivi kwamba nilichukia. Lakini mikono ilikuwa imembana hadi ameitenga na mwili kama kuku anayekausha mabawa, na pindo, Mungu wangu, pindo lilikoma katikati ya miundi. Mama mzima, bibi wa wajukuu, miguu nje kama mtoto wa shule.

"Unaona magoti yangu?" akaniuliza.

"Siyaoni, Mama."

"Nikiinama?"

"Usiiname."

"Na nikipokea wageni bila kuinama, itakuwa mila ya wapi?" Akanitazama vizuri. "Nani alinipima?"

"Telefone."

"Telefone ilinichukia nini?"

Nilitaka kumjibu, lakini nilikuwa nimeona jambo. Mama yule alikuwa mfupi. Kwenye foto alikuwa mnara, na hapa mbele yangu alinifikia begani. Kilemba chake kilikuwa juu ya kitanda. Alikivua ili gauni lipite kichwani. Nikamwomba binti telefone yake, nikafungua foto. Kilemba kile kile, kimepanda juu kwa vizingo hadi shibiri nzima juu ya utosi, kwa heshima ya mkwe.

Hapo nikaelewa kazi ya yule mwerevu, telefone. Aliambiwa urefu wa mama, kisigino mpaka utosi. Akaangalia foto, akaona mtu anayeanzia chini na kuishia kwenye ncha ya kilemba, akasema huyu wote ndiye urefu huo. Kwa hiyo akambana mama mzima ili kilemba kipate nafasi. Mikono ikapungua, mabega na kifua vikapungua, urefu wa gauni ukapungua. Ila kiunoni vikwembe vitatu vilikuwa vimemnenepesha kwa kiasi kile kile alichokondeshwa. Makosa mawili yalikutana kiunoni yakasalimiana, ndiyo maana pale palikaa. Na mimi, mwenye kuhesabu kila kitu mara mbili, nilihesabu pindo mara mbili na kichwa sikukihesabu hata mara moja.

"Mama," nikasema, "hii nguo itakaa. Nipe mukono."

Nikachana mshono wa kwapa kwa wembe, nikatia kipande cha ndege wekundu pembe nne, nikashona kwa sindano. Kisha mkono wa pili. Kifua nacho kikalegea. Alishusha mikono, akaipandisha, akapiga makofi hewani kujaribu. Binti akaacha kulia. Nikatoa mkobani kile kipande kirefu, nikamzungushia kiunoni juu ya gauni, nikakunja upande kama wanavyokunja wao. Miundi ikatoweka. Ndege wakafika hadi kwenye vifundo vya miguu.

Mama akashika kitambaa kwa vidole viwili. "Hiki kilikuwa kinakuja kwangu, ao kilikuwa kinabaki Kasongo?"

"Kilikuwa kinakuja kwako."

"Kilianza safari lini?"

"Tangu ulipomuzaa huyu mutoto."

Akacheka kwa pua. Nilijua kicheko hicho, ni changu mwenyewe, nakitumia sokoni kabla ya kupandisha bei. "Mwanangu, umenifunika. Asante. Lakini mimi ninajua kilicho chini. Mjomba wao akiniuliza kama gauni linanikaa, niseme nini?"

"Sema linakukaa."

"Linanikaa mpaka wapi?"

Nje, mtu alikohoa kwa makusudi.

"Mama unataka nini?"

Hakunijibu kwa mdomo. Alitazama kiuno changu. Nilikuwa nimevaa kikwembe changu kizuri cha juu, cha bluu nzito, nilichokipata baada ya kumchosha muuzaji hadi akaomba maji. Nikampa kitambaa changu cha kichwa. Akakipokea, akakiweka kitandani, akaendelea kutazama kiuno. Nikamwambia safari ni ndefu na baridi ya motari ni kali. Akasema kweli, baridi ni kali, wazee ndio wanaisikia zaidi. Nikafungua kikwembe. Nikabaki na kile cha ndani, cha kazi, chenye doa la mafuta ya mashini.

"Sasa linanikaa," mama akasema, "mpaka chini."

Akajifunga kilemba chake, shibiri nzima, akatoka.

Vigelegele vilipasua uwanja. Mjomba mwembamba alimzunguka dada yake mara moja, akatazama bega, kiuno, pindo, akanyoosha mkono kwa wajomba zetu. "Mumemujua mama," akasema. "Muchukue mutoto." Mama akainama akapokea wageni, akainama chini kabisa, nami nilitazama pindo wakati wote huo bila kupumua. Mdogo wangu hakuinua uso. Aliona miguu na ncha ya kitambaa, basi, na hiyo ikamtosha.

Wakati wa kurudi, mdogo wangu akiwa kwenye pikipiki ya mbele, mke wake nyuma yake, aligeuka akanipigia kelele juu ya injini: "Yaya, umeona? Imemukaa kama kwenye foto!"

Nilikuwa na upepo miguuni na doa la mafuta mbele ya watu wote wa barabara. Nikamwambia atazame njia.

Baadaye nilimweleza yote, kilemba, vikwembe, kwapa, polepole kama ninavyowaeleza wateja wasiotaka kulipa. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema labda telefone ilijua kwamba mama angejifunga kikwembe juu, ndiyo maana ikafupisha gauni, ili kitambaa kisipotee bure. Hapo ndipo nilipoacha. Mtu akishafika kwenye hatua ya kuitafutia mashini nia njema, huwezi kumrudisha.

Sasa ana kibao pale barazani: KIPIMO CHA KISASA, FOTO MBILI TU. Wanakuja, siwezi kusema hawaji. Mke wake ndiye anayepiga foto. Mimi nimepigilia msumari ukutani wa kutundikia vilemba, na hakuna anayesimama mbele ya telefone kabla ya kuvua. Wanavua vilemba, kisha wananyanyuka kwa vidole vya miguu na kuvuta matumbo ndani, maana ni foto. Telefone inapokea tumbo hilo la uongo na kulipa nukta. Mimi nikiwa na metre yangu iliyoungua kichwa, nazungumza na mteja habari za bei ya muhogo hadi asahau tumbo, lishuke, ndipo napima. Halafu natoa tatu.

Juzi motari wa Kabambare aliniletea salamu kutoka kwa mama mkwe. Anataka gauni lingine, la krismasi. Hataki foto, wala kamba. Anasema nije mwenyewe na metre, nimpime kwa mkono, na nije nimevaa vizuri.